Watu Wawili Chini ya Namba Moja

Doa la kwanza nililiona mimi. Mdogo wangu alikuwa ameinamia karai nyuma ya nyumba, anaosha nywele, na maji yalipomchuruzika nikaona mahali kwenye mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, ambapo ngozi ilikuwa imefifia. Lilikuwa duara kama ile senti kumi ya zamani yenye tundu. Halikuwa na magamba. Nilimwuliza lina siku ngapi, akasema hajui, hakuwa ameliona. Nilidhani ni choa. Nikalisugua kwa majivu na ndimu, kama mama alivyotufanyia tukiwa wadogo, na kila nikisugua nilimwuliza kama inauma, naye akasema haiumi. Nilifurahi kwamba haiumi.

Tulikuwa wawili tu. Baba alituleta Kericho kutoka milima ya Kisii baada ya mama kufa akijifungua mtoto ambaye naye hakuishi. Nilikuwa darasa la tano. Baba alisema nitaendelea na shule huku kwenye majani chai, na kweli niliendelea, muhula mmoja. Kisha kifua kikambana, akawa hawezi kupanda mteremko na kikapu kilichojaa, nami nikaweka vitabu kwenye sanduku nikaenda kumsaidia. Alipokufa nilikuwa na miaka kumi na sita, mdogo wangu kumi na miwili. Watu wa kanisa walituchangia, tukamrudisha nyumbani kumzika. Kule tulikuta baba mdogo amepanda pareto mpaka kwenye mlango wetu. Tulilala siku saba kwa shangazi, halafu tukarudi Kericho, kwa sababu Kericho tulikuwa na namba.

Lazima nieleze habari ya namba, maana ndiyo iliyotuponza. Kila mchumaji alikuwa na kibati kidogo cha bati kilichofungwa kwenye kikapu, na namba imepigwa juu yake. Ya baba ilikuwa mia mbili kumi na saba, nasi tuliitamka kwa vipande: mbili moja saba. Posho ilitoka kwa namba. Chumba kilikuwa cha namba. Mistari ya kuchuma iligawiwa kwa namba, na pale kwenye mizani karani hakuinua macho. Alisikia namba, akaandika kilo. Katika kitabu chake namba moja ilikuwa mtu mmoja. Shambani namba moja ilikuwa mume na mke, au mama na watoto wake, au dada wawili kama sisi, kwa sababu mikono ya mtu mmoja haikutosha kumshibisha mtu. Lilikuwa jambo lililokatazwa na kila mtu alilifanya. Namba ikiitwa, mmoja alikwenda kuitika, mwingine akabaki kwenye mstari ili kazi isilale. Hata watu wa chanjo ya ndui walipokuja, niliyechanjwa ni mimi, na tukahesabu kwamba tumechanjwa.

Nyapara wetu alikuwa mzee wa Kikipsigis kutoka upande wa Sosiot. Ndiye aliyetuachia namba ya baba bila kupeleka habari ofisini.

"Mimi sijaona baba yenu amekufa," alituambia. "Naona kikapu inajaa tu."

Basi tukakijaza. Mdogo wangu alikuwa na mkono mwepesi kunishinda. Asubuhi za Kericho, hasa ile mvua ya mawe ikinyesha jana yake, majani huwa na maji ya barafu. Vidole hufa ganzi kwanza, halafu huanza kuuma kama vimebanwa mlangoni. Wanawake walikuwa wakiacha kuchuma na kuviweka kwapani. Mdogo wangu hakuacha. Alikwenda mbele akiimba nyimbo za kanisa, mikono yake yote miwili ikipita juu ya mti kama kuku anayedonoa.

Mstari wa pili ulikuwa wa jirani yetu, mjane kutoka kwetu Kisii. Tulimwita Mong'ina, ambalo kwetu ni jina la heshima la mama mzee.

"Wewe mtoto," Mong'ina alimwuliza asubuhi moja, "mama yako alikuzalia ndani ya mto? Sisi mikono imekufa na wewe unaimba."

"Yangu ilikufa mapema, Mong'ina," mdogo wangu akasema. "Imeshazikwa, imesahau."

Tulicheka mpaka nyapara akapiga kelele kutoka juu ya mteremko. Nimekumbuka kicheko hicho mara nyingi kuliko ninavyokumbuka sura ya baba.

Mwaka uliofuata alikuja bwana wa afya kutoka mjini, amevaa koti jeupe juu ya suti. Alisimama mbele ya stoo ya posho siku ya Jumapili tulipotoka kanisani, pamoja na dresa wa zahanati ya shamba. Dresa alikuwa ametundika ukutani karatasi kubwa yenye picha: mgongo wa mtu wenye mabaka, kisha mkono ambao vidole vyake viwili vya mwisho vimejikunja. Watoto walianza kujikunja vidole na kufukuzana, mama zao wakawachapa.

Bwana wa afya alisema ugonjwa huu ni ukoma, na kwamba si laana wala si wa ukoo. Alisema dawa ipo. Anayekuja mapema anameza vidonge na anaendelea na kazi yake. Anayechelewa, dawa itaua ugonjwa, lakini vidole havirudi. Alisema watapima laini yetu, ile safu ya vyumba vya watu wa Kisii, na laini ya Waluhya.

"Kwa nini sisi tu?" mtu mmoja aliuliza.

"Kwa sababu nyinyi mmetoka mbali."

"Kisii ni mbali?" yule mtu akasema. "Nikisimama hapa juu naona moshi ya jiko ya mama yangu."

Watu walicheka, lakini si sana. Tulikuwa tumeshaanza kusikia maneno. Sokoni Kapsoit mama aliyetuuzia maziwa alikuwa ameanza kuyamimina kutoka juu, kibuyu chake kisiguse mkebe wetu, na mengine yakamwagika chini. Alikuwa mama mpole, hata salamu alitoa vizuri. Alimimina tu kutoka juu.

Kisha Mong'ina akainua mkono, akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo.

"Daktari, yule atapatikana na hiyo kitu, anabaki na nyumba yake?"

Bwana wa afya alimtazama karani mkuu wa shamba, aliyekuwa amesimama kando ya dresa. Karani mkuu alitazama viatu vyake.

"Hiyo ni ya kampuni," bwana wa afya akasema. "Mimi ni wa ugonjwa."

Tuliporudi kwenye laini mdogo wangu alitembea nyuma yangu. Karibu na bomba la maji akanishika nguo.

"Dada, lile doa langu."

"Lile ni choa," nilisema. "Hukuona ile ya picha ilivyokuwa kubwa?"

Kufikia wakati huo lake lilikuwa limefika ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nilimwambia avae sweta ya mikono mirefu, kwa sababu ya baridi.

Walipima siku ya Jumatano. Nataka niseme kwamba asubuhi ile sikumficha, ingawa sijui leo jambo hilo linamsaidia nani. Tulifanya kama tulivyofanya siku zote. Tulikuwa tumepewa mistari ya chini karibu na mto, na namba zikaanza kuitwa kwenye banda la mizani, na yetu ilipofika nikatua kikapu nikapanda, yeye akabaki anachuma. Nilikuwa mkubwa. Kuitika ilikuwa kazi yangu.

Walikuwa wamening'iniza turubai, wanawake upande mmoja. Dresa aliniangalia mgongo, miguu, masikio. Alinibonyeza nyuma ya viwiko akitafuta mshipa fulani ulio kama kamba. Kisha akaniambia nifumbe macho, akachukua kipande cha pamba akakisokota kuwa kama uzi.

"Nikikugusa, weka kidole hapo nimegusa."

Pamba ilikuwa nyepesi kama mguu wa nzi. Niliionyesha kila mara: bega, goti, kidole kidogo. Sikukosa hata moja, nikajisikia kama siku zile mwalimu aliponiita ubaoni.

"Safi," dresa alisema. "Namba hii iko na mtu mwingine?"

Nilifumbua macho. Karani ndiye aliyemjibu, akiwa amekaa kwenye meza na kitabu chake.

"Hiyo ni mtu moja, daktari. Hapa imeandikwa moja."

Dresa alikuwa bado ananitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu, kwa sababu alichukua muda kuloweka muhuri kwenye wino. Niliwaza kwamba nikisema tuko wawili, nitamchongea nyapara, aliyetusitiri. Niliwaza chumba. Niliwaza pareto ya baba mdogo mlangoni kwetu. Na mawazo mengine, ambayo leo nayaona kuwa ya kijinga lakini siku ile yalikuwa ya kweli kabisa, yaliniambia kwamba namba imepita. Kila kitu tulichowahi kupewa tulipewa kwa namba. Mbona hiki kiwe tofauti? Dresa akapiga muhuri wa zambarau kwenye kadi yetu, nikateremka mbio.

"Wamesemaje?" mdogo wangu aliuliza bila kuacha kuchuma.

"Tumepita."

Alivua sweta palepale, akaifunga kiunoni, na mchana ule tulichuma kuliko siku nyingine yoyote.

Wiki mbili baadaye dresa alirudi kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo. Nyapara alisoma orodha ya namba zilizobaki asubuhi tukiwa tumesimama kwenye foleni. Nilisikiliza mpaka mwisho. Yetu haikuwemo. Mdogo wangu alisimama nyuma yangu na pumzi yake nikaisikia shingoni. Makosa ya siku ya kwanza naweza kuyaeleza. Siku hiyo ya pili nilijua, na nilinyamaza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, kiasi kwamba kila siku nilipata sababu ya kungoja siku nyingine. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilianza kukataa kunyooka. Alisema amelala vibaya. Kisha cha pili yake. Kuchuma kunatumia zaidi dole gumba na kidole cha kwanza na cha kati, kwa hivyo kikapu kiliendelea kujaa, na kikapu kikijaa nani atauliza? Nilimkanda kwa maji moto. Nilimnunulia mafuta Kapsoit ambayo mwenye duka alisema ni ya mishipa. Nilifunga na kuomba kila Ijumaa, na Ijumaa hizo nilichuma mistari yangu na nusu ya mistari yake.

Siku moja, saa saba mchana, alikuwa anapika nyumbani kwa sababu mvua ilikuwa imetutoa shambani. Tulikuwa tunatumia kuni za miti ya chai iliyokatwa, ambazo zina moto mkali. Mong'ina alikuwa amekaa kwenye kizingiti akitafuna hindi la kuchoma. Mdogo wangu akainua sufuria kutoka kwenye mafiga kwa mikono mitupu, akaiweka chini taratibu, akaendelea na hadithi aliyokuwa akitusimulia kuhusu mwimbaji wa kanisani aliyepaliwa na nzi katikati ya wimbo. Nilisikia harufu kabla ya kuelewa. Mong'ina aliacha kutafuna.

"Weka mkono hapa," alimwambia.

Mdogo wangu akageuza kiganja. Ngozi ya upande wa kidole kidogo ilikuwa imebaki kwenye sufuria. Aliitazama kama mtu anayetazama tope kwenye kiatu, kisha akanitazama mimi, na hapo ndipo alipoanza kulia. Sijui alilia kwa nini. Maumivu hayakuwepo.

Mong'ina alinivuta nje kwenye mvua.

"Huyu mtoto hasikii moto."

"Tulipimwa, Mong'ina. Kadi iko na muhuri."

"Ulipimwa wewe."

"Namba ilipimwa."

"Namba iko na mkono?" alisema. "Namba inapika ugali? Mpeleke leo."

Sikumpeleka leo. Nilimfunga kitambaa safi nikampeleka baada ya miezi mitatu, kidonda kilipoanza kunuka. Nikiandika maneno haya natafuta mtu mwingine wa kumtupia miezi hiyo mitatu, na simpati.

Dresa alimfahamu mtu wa namba yetu kuwa ni mimi. Alitazama kadi, akatazama muhuri, akatazama mdogo wangu. Hakupaza sauti. Alimwambia afumbe macho, akasokota pamba. Alimgusa mkono mara nyingi, kutoka kiwiko mpaka vidoleni, na mdogo wangu akakaa ametulia, uso umeinuka kidogo, akingoja kwa hamu aguswe. Baadaye dresa alitumia pini. Mdogo wangu aliendelea kungoja.

"Bado kuanza, daktari?" aliuliza.

Dresa aliweka pini kwenye kisahani. Aliniambia mimi, si yeye: "Ile Jumatano alikuwa wapi?"

"Kwenye mstari."

"Mstari gani?"

"Ule wa chini. Karibu na mto."

Dirisha la zahanati lilikuwa wazi, na mstari huo ulionekana kutoka pale tulipokaa. Alikuwa mtu mwema na hakusema neno lolote zaidi la kuniumiza. Alisema tu kwamba dawa ipo, na itafanya kazi, lakini mkono utakavyokuwa siku itakapoanza ndivyo utakavyobaki.

Kisha ikaja shida ambayo sikuiwazia. Vidonge vya zahanati vilikuwa vya wenye namba, na vilitakiwa kumezwa miaka. Dresa alikwenda mwenyewe kwa karani mkuu kumwombea. Karani mkuu akafungua kitabu, akaonyesha kwa kidole: mia mbili kumi na saba ni mtu mmoja, amepimwa, ni mzima. Huyu mwingine hayumo. Hawezi kutibiwa mtu ambaye hayumo. Nilisema kwamba amechuma hapa miaka mitano. Aliniuliza kama nataka ayaandike hayo, ili nyapara aulizwe. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nikasema sitaki.

Dresa alimwandikia barua ya kwenda kwenye kituo cha serikali cha wagonjwa wa ukoma, mbali upande wa magharibi, karibu na mpaka. Makondakta wa mabasi walikuwa wakitazama mikono ya watu siku hizo, kwa hivyo nyapara akatutafutia nafasi kwenye lori lililokuwa linateremka Fort Ternan kuchukua mbolea iliyofika kwa treni. Dereva alimwambia apande nyuma. Mimi aliniambia nikae mbele. Nilipanda nyuma.

Tulikaa juu ya magunia matupu. Majani chai yaliisha, yakaja mahindi, kisha joto la chini na miwa ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa amevaa sweta yake ingawa tulikuwa tunatoka jasho.

"Dada, usiwaambie watu nimeenda hospitali," alisema. "Sema nimeolewa."

"Umeolewa na nani?"

"Sema na mtu wa reli. Mwenye meno ya dhahabu."

"Na mahari?"

"Sema bado anatafuta ng'ombe mwenye meno ya dhahabu."

Stesheni alipanda daraja la tatu na kukaa mkono wake ukiwa chini ya kifurushi. Treni ilipoondoka hakupunga, kwa sababu mkono uliokuwa upande wa dirisha ulikuwa ule wa kushoto.

Nilibaki na namba peke yangu. Kikapu hakikujaa tena kama zamani, na nyapara akajifanya haoni. Kila mwisho wa mwezi nilimtumia sabuni na sukari kwa mtu yeyote aliyekuwa anakwenda upande ule. Barua zake ziliandikwa na mtu mwingine na zilikuwa fupi: anameza dawa, kidonda kimepona, wamemfundisha kufuga kuku, anasalimu Mong'ina.

Wapimaji walikuja tena, mwaka wa pili tangu aondoke. Safari hiyo nilizunguka laini yote kabla yao, mlango kwa mlango, nikiwaambia wanawake kwamba anayepimwa ni mtu, si namba, walete kila aliye ndani. Niliwaambia habari za mdogo wangu waziwazi, na kwa hivyo hadithi ya mtu wa reli ikaisha. Walinisikiliza kwa adabu. Siku ya kupima namba ziliitwa, wakapanda mmoja mmoja, na mimi nikiwa juu kwenye banda niliona vichwa vya waliobaki vikienda taratibu kwenye mistari ya chini, karibu na mto. Nilimwambia dresa, "Wale pale." Alipoteremka hakukuta mtu. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye bomba la maji, mazungumzo yalikuwa yakibadilika.

Mdogo wangu mwenyewe alirudi baada ya miaka minne, na barua yenye muhuri ikisema hana tena ugonjwa wa kuambukiza mtu. Nilikuwa nimepaka chumba chokaa. Alikuwa amenenepa kidogo na sauti yake ilikuwa ileile. Mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja wote na vidole viwili vilikuwa vimefupika. Wa kulia nao ulikuwa umeanza kabla dawa haijauzuia. Nilimpeleka kwa nyapara. Mzee alisoma ile barua, au alijifanya anaisoma, kisha akang'oa chipukizi la chai kwenye mti ulio karibu akampa.

"Vunja hii."

Alijaribu. Jani lilipondeka.

"Mimi sina ubaya na wewe, mtoto wangu," nyapara alisema. Alikuwa ameanza kutetemeka kichwa kwa uzee. "Sasa nitafanya nini?"

Alikaa kwangu siku kumi na moja. Bombani wanawake walimpisha ateke kwanza, wote kwa pamoja, na alipoondoka wakasuuza bomba kabla ya kuweka ndoo zao. Mong'ina peke yake alikuja kula nasi. Siku ya kumi na moja nilimkuta amefunga mzigo.

"Kule nikiangusha kikombe hakuna mtu anageuka," alisema. "Nitarudi kwa kuku zangu."

Nilimwambia nitamchumia, nitamlisha, sijachoka. Akasema anajua. Nilimsindikiza mpaka Kapsoit, maana sasa aliweza kupanda basi akiwa ameingiza mikono kwenye sweta. Tulisimama mbele ya duka lilelile la mafuta ya mishipa.

"Dada, nikuulize. Ile Jumatano ungesema tuko wawili, wangetufukuza?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo miaka yote, nikiwa nimetayarisha jibu la "sijui". Lakini nilijua. Katika laini ya Waluhya siku ile walimpata mama mmoja mwenye namba yake. Alimeza vidonge kwa dresa kila wiki, akachuma kama kawaida, na nilipoondoka shamba lile alikuwa bado katika chumba chake. Na katika laini hiyohiyo mtoto mmoja aliyepatikana akiwa hana namba alitibiwa kimyakimya kwa vidonge vya chupa iliyoandikwa namba ya mama yake. Dresa alikuwa akipata njia, ugonjwa ukiwa mdogo.

"Hapana," nilisema. "Hawangetufukuza."

Alitua mzigo chini.

"Haya," akasema. Kisha akanyoosha mkono wa kulia. "Nifunge hiki kifungo, kinanishinda."

Nikafunga kifungo cha sweta yake pale kwenye kifundo cha mkono, kikanipotea vidoleni mara mbili kwa sababu sikuona vizuri. Basi likaja, akapanda, nikarudi kwa miguu. Niliwahi mizani ya jioni. Karani, bila kuinua macho, akaita mbili moja saba, nikaitika.